Wali, maharage na simu ya senti 50

Nilishuka ngazi na sufuria mikononi, nimeizungushia kanga isiniunguze. Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2025, baridi ile ya Köln isiyo na theluji wala aibu, inayopenya hadi kwenye soli za viatu. Bibi wa chini akafungua mlango, akainua mfuniko, akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wali na maharage! Umeniletea Dschungelcamp nyumbani!"

Waliopo Ujerumani wameshacheka. Kwa walio mbali: kila Januari televisheni ya RTL huwapeleka watu maarufu, wengi wao ni wale ambao umaarufu umeshaanza kuwakimbia, kwenye kambi ya porini Australia. Hukaa humo wiki mbili na ushee, na chakula chao cha msingi ni wali na maharage. Bila chumvi. Wakitaka nyama au tunda, mmoja wao aende kwenye mtihani, aingize mkono kwenye shimo la nyoka au atafune mdudu, arudi na nyota. Kila nyota ni sahani ya mtu mmoja.

Yaani chakula nilicholelewa nacho Tanga ndiyo adhabu yenyewe. Ukikitia tui zito la nazi kwetu ni sikukuu ndogo. Hapa watu wazima wanalia mbele ya kamera kwa sababu wamekila siku nne mfululizo.

Tukakaa, tukala, tukawasha televisheni. Katikati ya tangazo la biashara Bibi akaweka kijiko chini.

"Siku hizi siyo kama zamani," akasema. Hilo nimelizoea, hulisema kila msimu. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka deni: "Na kule Afrika Kusini, yule mwanamke. Wasingemtoa wao. Wangetuachia sisi."

Nikasema ndiyo, ndiyo, kama unavyosema ukiwa na maharage mdomoni.

Nikapanda kwangu. Usingizi haukuja.

Zamani ipi?

Bibi ana miaka 79. Amekitazama kipindi hiki tangu kianze, Januari 2004. Mimi nilihamia jengo hili mwishoni mwa 2015, na Januari iliyofuata akanikaribisha sebuleni kwake "kwa ajili ya lugha". Ni kweli Kijerumani changu kimejengwa humo: matusi kwanza, sarufi baadaye. Naye nilimfundisha shikamoo. Mpaka leo akinikuta kwenye ngazi ananiamkia yeye, na mimi nimechoka kumrekebisha, naitikia marahaba kwa mtu aliyemzidi mama yangu umri.

Zamani yake ina sura ya mtu mmoja, Dirk Bach, mchekeshaji mfupi mnene mwenye mashati ya rangi zinazogombana, aliyeendesha kipindi pamoja na Sonja Zietlow. Bach alifariki Oktoba 2012. Bibi anasimulia kwamba alipotangazwa Daniel Hartwich kuchukua nafasi hiyo, aliapa hatatazama tena. Watu wengi waliapa hivyo. Januari 2013 akawasha "dakika tano tu, nione". Msimu wa 2014, mrithi yule yule akiwa kazini, ulikuwa na wastani wa watazamaji karibu milioni 8 kwa usiku. Waliokuwa wameapa walikuwemo.

Sasa sikia hili. Hartwich alipoondoka baada ya msimu wa 2022 na Jan Köppen akaingia, Bibi alimlilia Hartwich vile vile alivyomlilia Bach. Yule mvamizi wa 2013 alikuwa ameshahamia upande wa zamani. Alivuka lini? Hakuna aliyemwona akivuka.

Niliwahi kumuuliza kuhusu 2016, msimu wangu wa kwanza. Mwaka ule waligawa kambi mbili mwanzoni, moja ikiitwa Base Camp, nyingine Snake Rock, washiriki wakipimana nguvu. Yalikuwa mabadiliko makubwa ya mpangilio. Bibi akanitazama kama nimemwambia kulikuwa na pundamilia sebuleni. Kambi mbili? Hapana, hakumbuki.

Anachokumbuka ni Menderes. Menderes Bağcı, kijana aliyekwenda kwenye majaribio ya shindano la uimbaji la RTL mwaka hadi mwaka, akikataliwa mwaka hadi mwaka, nchi nzima ikimcheka. Akaingia msituni mpole, akafanya kila alichoambiwa, hakumsema mtu. Watazamaji wakampigia simu mpaka wakamvika taji la mfalme wa msitu. Bibi alilia na mimi nililia, ingawa nusu ya maneno yalinipita.

Kwa hiyo nilikuwa nimejiridhisha kwamba jambo hili nalielewa. Watu hawachukii mabadiliko, wanachukia msimu mbovu, na msimu ukiwa mbovu wanatafuta badiliko la kulibebesha lawama. Nilikuwa na maelezo mazuri kabisa, na niliyapenda.

Tatizo ni Hürth.

Msitu wa stesheni chache

Januari 2021 hakuna aliyekwenda popote. Korona. Mpango wa RTL ulikuwa kuhamia kwenye ngome kuukuu ya Wales, kama Waingereza walivyofanya na kipindi chao mama, lakini nao ukafutwa. Badala yake wakatengeneza shoo ndani ya studio Hürth, hapa jirani. Watu maarufu 12 wakaingizwa kwa mafungu kwenye kijumba kidogo kisichotosha kugeuka, wakigombea tiketi ya kwenda msituni mwaka utakaofuata.

Hürth! Treni namba 18 inapita huko. Nimewahi kwenda Hürth kununua kabati la mitumba.

Sheria ya wakati ule iliruhusu nyumba moja kukutana na mtu mmoja tu wa nyumba nyingine. Basi mtu wangu mmoja alikuwa Bibi, na mtu wake mmoja alikuwa mimi. Dirisha wazi, yeye na barakoa kwenye kiti chake, mimi na barakoa kwenye zulia karibu na mlango. Watangazaji walikuwa wale wale wawili, mitihani ya wadudu ipo, muziki ni ule ule, na simu za kupiga zipo pia.

Usiku wa tatu akazima.

"Hii siyo yenyewe," akasema. Nilimwambia watu wamejitahidi, hali ni ngumu, kila kitu kipo. Akanijibu kwamba naye amefungiwa kwenye kijumba kidogo tangu Machi. Hakuwa anahitaji kutazama wengine.

Hapo nilinyamaza. Hilo halikuwa lalamiko la mzee asiyependa mapya. Kuna wiki mbili kila mwaka ambapo giza la saa kumi na moja na nusu jioni linamfungulia mlango wa nchi yenye jua na joto, na watu anaoweza kuwasema vibaya bila kuwakosea adabu majirani. Mwaka ule alifungua mlango akakuta sebule nyingine ya Ujerumani.

Miti iko wapi?

Januari 2022 wakahamia Afrika Kusini, kandokando ya hifadhi ya Kruger. Australia ilikuwa bado imefungwa mipaka. Nami nilikuwa na wasiwasi wangu ambao sikumwambia mtu. Australia ilikuwa mbali nami, sikuwa na neno. Sasa nyuma ya watu waliovaa kofia na kupiga mayowe kulikuwa na nyasi ninazozijua na mawingu ninayoyajua.

Kuna jambo moja lilikuwa limenikera siku nyingi. Kila wanapoletewa sahani ya wadudu na nchi nzima ikaziba midomo kwa kichefuchefu, mimi huwaza shemeji yangu wa Bukoba na senene wake wa kukaanga, anavyowahesabu wageni kabla hajafungua kopo ili wasimwishie. Hata hivyo nilikuwa nimeshalizoea. Sasa lilikuwa linafanyika Afrika.

Bibi alikuwa na kero nyingine. "Miti iko wapi?" aliuliza usiku wa kwanza. "Huu siyo msitu. Hiki ni kichaka."

Nikataka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu alisema kweli. Ile ni nyika. Mtu wa Tanga aliyeona Amani na Magoroto anajua tofauti ya msitu na nyika kabla hajaanza shule. Nilichomjibu ni kwamba hata ule msitu wao "halisi" wa Australia, karibu na mji wa Murwillumbah, ni eneo lililopangwa kwa ajili ya kamera, na kabla ya Wajerumani kufika Januari, Waingereza wanakuwa wamepiga kambi hapo hapo Novemba na Desemba. Usafi wa bwawa la kambini, nikamwambia, unaamuliwa na kalenda. Mwaka 2020, moto wa nyika ulipoila New South Wales, kambini wakanyimwa moto wa kuni. Uhalisi gani huo?

"Najua," akasema. "Lakini ni wetu."

Kisha, siku chache baadaye, likatokea lile.

Mshiriki mmoja, katika ugomvi wa kambini, alimwambia mwenzake mweusi arudi porini alikotoka. Nimelisikia neno lile kwa lugha yao, na neno lile ni fupi. Lilisemwa Afrika, mbele ya kamera, na mtu aliyekuwa mwenyewe amekalia mavumbi ya pori hilo hilo. RTL ikamtoa. Haikusubiri kura, hakukuwa na mtihani wala fainali. Alifunga mizigo.

Nilifurahi. Niseme wazi, nilifurahi sana, nikapanda ngazi usiku ule nikiwa mwepesi. Kama Bibi alisema kitu, sikukisikia.

Ilichukua miaka mitatu na sufuria ya maharage akaniambia.

*Wangetuachia sisi.*

Kidole

Wiki ile baada ya maneno yake nilianza kupanga upya kila kitu nilichokuwa nimekijua. Nilijiuliza ni mabadiliko gani yalimfanya azime, na yapi alilalamikia huku akiendelea kutazama.

Kiangazi cha 2024 kwa mfano. RTL ilisherehekea miaka 20 ya kipindi kwa kuwakusanya mashujaa wa misimu ya nyuma, tena Afrika Kusini, ikarusha Agosti. Sura zote alizozipenda zilikuwemo. Nikadhani atafurahi. Lakini ilikuwa imerekodiwa zamani, kila kitu kimeshaamuliwa na mitihani, namba ya simu hakuna. Alitazama vipindi viwili akarudi kwenye nyanya zake. "Agosti ni ya bustani," akasema, na nikaichukua sababu hiyo kama ilivyo.

Kisha mwaka 2023. Kurudi Australia, mtangazaji mpya, na mwigizaji Martin Semmelrogge aliyetajwa kwenye orodha hakuweza hata kuingia nchini humo. Dakika za mwisho akaletwa Djamila Rowe kuziba pengo. Wengi waliuliza huyu ni nani tena. Bibi ndiye aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Baada ya siku kumi alikuwa anampigia simu Djamila kila usiku, senti 50 kwa simu, na Djamila akawa malkia.

Na 2014, kabla sijafika, Larissa Marolt, mwanamitindo wa Austria, ambaye watazamaji walimtuma mtihanini mara kwa mara kwa sababu mayowe yake yaliwafurahisha. Mwishoni wakamsogeza mpaka nafasi ya pili. Bibi anakiri kwa aibu kidogo kwamba alikuwa miongoni mwa waliomtuma. "Nilimtesa," anasema, "halafu nikamlipa."

Hapo nikaona kidole chake juu ya vitufe vya ile simu ya mezani yenye waya. Mtangazaji abadilike, kambi ziwe mbili, kichaka kiwe msitu au kisiwe, analalamika huku amekaa. Kidole kikikosa kazi, anaondoka.

Wasomaji wangu wa nyumbani mnalijua hili, msijifanye hamlijui. Mwaka 2012 Big Brother Africa walipogawa nyumba ya Upville na Downville tulinung'unika wiki nzima, eti mastaa watakaa vipi na mapambo juu wakati wengine wanakula vumbi chini. Wakenya wakaacha kunung'unika mara walipoona rapa wao Prezzo ana uwezekano wa kushinda. Simu zikala vocha mpaka akafika namba mbili. Sisi nasi 2014 tulipokuwa na Idris Sultan mjengoni, nani aliuliza habari za mpangilio wa msimu?

Basi nikamwelewa Bibi. Yule mwanamke alipotolewa na ofisi, kidole chake kilikuwa hewani.

Lakini kumwelewa hakukunipa usingizi.

Kwenye ngazi

Nilimkuta kwenye ngazi siku ya takataka, ana mfuko wa chupa, mimi na mfuko wa karatasi. Akaniamkia shikamoo yake. Sikuitikia.

Nilimwambia nimefikiria maneno yake. Nikamuuliza kwa nini alitaka waachiwe wao.

Hakushangaa. Alisema usiku ule alikuwa na hasira mpaka mikono ikamtetemeka, na alikuwa anasubiri namba zifunguliwe. Alitaka kumwangusha yule mtu yeye mwenyewe, pamoja na watu wote, ili yule mtu akitoka aone kwamba ni nchi iliyomkataa. Asiseme baadaye kwamba ni ofisi tu. "Ningepiga simu mara kumi," akasema. "Kwa ajili yako, kama unataka kujua."

Miaka kumi kasoro tumekaa jengo moja, ananiita kwa heshima ya Kijerumani ile ya "Sie", hajawahi kunigusa hata bega. Na hilo ndilo neno la upendo aliloniambia.

Nami nikamjibu vibaya.

Nikamwambia sikutaka watu wapige simu kuamua kama mimi ni mtu wa porini. Nikamwambia najua yeye angepiga mara kumi. Na wengine je? Anajua wengine wangapi wangepiga, na wangempigia nani? Nikamwambia zile chupa alizobeba ni za glasi ya kijani na asizichanganye na nyeupe. Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi.

Alisimama muda. Kisha akasema hajui. Akashuka na chupa zake.

Nimegeuza mazungumzo yale kichwani kwa wiki nyingi. Wakati mwingine naona nilikuwa sahihi: kuna mambo ambayo ukiyapeleka kwenye kura umeshayashusha bei, hata kura ikija upande wako. Sikutaka kushinda kwa asilimia 60. Asilimia 40 ningekutana nazo kesho yake kwenye treni. Wakati mwingine naona nilimnyang'anya kile kile alichonyang'anywa 2022, nafasi ya kusimama upande wangu watu wakimwona.

Na kuna wazo la tatu ambalo silipendi. Kwamba sikuogopa matokeo kwa sababu nayajua. Niliyaogopa kwa sababu siyajui, na kutoyajua ndiko kunakoniwezesha kuishi hapa kwa raha.

Fainali

Hatukuongea siku nne. Usiku wa fainali, Februari, nilipika. Sikuwa na hakika kama nitashuka. Nikashuka.

Mlango ulikuwa wazi tayari. Simu ya mezani ilikuwa kwenye mto, karibu na mkono wake wa kulia, na karatasi na penseli.

Waliobaki walikuwa watatu. Lilly Becker, Mholanzi ambaye mama yake ana asili ya Suriname. Alessia Herren, binti mdogo mwenye mdomo. Na Pierre Sanoussi-Bliss, mwigizaji mweusi aliyezaliwa Berlin, ambaye Bibi anamfahamu kuliko anavyowafahamu baadhi ya ndugu zake, kwa sababu alicheza mpelelezi kwenye tamthilia ya *Der Alte* ya televisheni ya ZDF kuanzia 1997 hadi 2015, kila Ijumaa aliyoonyeshwa.

Hakusema chochote kuhusu ngazi. Namba zilipofunguliwa akapiga, akasikiliza sauti ya mashine ikimshukuru, akakata, akachora mstari kwenye karatasi. Akapiga tena. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia, sufuria bado kwenye kanga, namsikia akibonyeza vitufe taratibu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mstari wa tano akaupitisha kwa ulalo, kama mfungwa anayehesabu siku. Akaanza fungu la pili.

Alipofika kumi akaweka penseli chini. Euro tano.

Alessia akatoka. Wakabaki wawili, na mimi, niliyesema sitaki kujua, nilikuwa nimesogea mpaka magoti yangu yanagusa meza.

Lilly akashinda. Pierre akawa wa pili, akacheka, akamkumbatia. Bibi akaitazama karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa sweta.

Kisha akavuta sufuria, akainua mfuniko.

"Leo umetia chumvi?"